Tawi la Nje ya Ramani

Zilikuwa zimebaki siku mbili kufika Siku ya Glasi, na Matika Chilewa alikuwa amepiga magoti pembeni mwa jalala la jiji la Itumba, sikio kwenye kijiti cha chuma, makalio juu, heshima yote ya uhandisi imekwenda likizo. Wapita njia walimtazama wakacheka. Nao wacheke, kwani uongo? Huyu ndiye Fundi Mkuu wa Mamlaka ya Maji, mwanamke wa miaka arobaini na minane mwenye kisu cha shaba kiunoni, na kwa miezi mitatu alikuwa akihangaika na maji yasiyojulikana yanakwenda wapi.

Hayakuwa mengi. Katika kila lita mia zilizotoka bwawani, lita tatu na kitu hazikufika kwa mtu. Mwaka uliotangulia zilikuwa tano, na miaka kumi nyuma zilikuwa ishirini na tisa, kwa hiyo jiji halikuwa na haki ya kununa. Tena mbili na ushei zilijulikana: mabomba yenyewe hunywa ujira wake, na jua la Itumba nalo halikubali kukosa mgao. Kilichomnyima Matika raha ni kile kilichobaki, karibu nusu lita katika mia. Mkurugenzi wake, Bwana Ndahani, alikuwa keshaandikisha bango la kitambaa, refu kama basi, lenye maneno CHINI YA TATU, na hesabu zilikuwa bado zinasema tatu nukta moja. Matika alipomwuliza haraka ya nini, akajibiwa kwamba wino wa bango hukauka siku nne. Ndivyo alivyo yule bwana, sherehe kwanza.

Niseme neno kuhusu mabomba hayo, maana mgeni akifika Itumba hushangaa. Hayakutoka kiwandani. Yalipandwa. Mwanzimaji ni mmea ulioumbwa na wataalamu miaka thelathini na mmoja iliyopita: ndani una uwazi kama mwanzi, ngozi yake ngumu kama kigae, ukipasuka unajiziba wenyewe kwa siku tatu, na utando wake wa ndani huchuja uchafu maji yakiwa yanapita. Mianzimaji miwili ikiwa hatua chache baina yake, kila mmoja husikia maji yaliyomo kwa mwenzake, ikatafutana chini ya udongo mpaka ikaungana. Uzuri wake ndio huo, na kero yake ndiyo hiyo hiyo, kwa sababu huchipua ovyo. Kila mwezi mafundi hupita na visu kupogoa machipukizi, na zile pingili zilizokatwa hutupwa. Matika mwenyewe alikuwa ametupa mikokoteni kwa mikokoteni, na alizitupa papa hapa jalalani alipopiga magoti.

Kijiti kikaleta sauti. Matika akafumba macho. Bomba linalovuja hulia bila kupumzika, mfululizo, kama mtu anayepuliza uji. Hili lilikuwa linatiririka, linakatika, kimya kidogo, linatiririka tena. Akalisikiliza hivyo mpaka magoti yakafa ganzi, ndipo akaelewa. Hayakuwa maji yanayovuja. Yalikuwa maji yanayokingwa.

Akainuka, akajikung'uta, akaifuata sauti hatua kwa hatua, kijiti ardhini, sikio juu yake, mpaka akapita kibao kilichoandikwa kwa rangi ya mlangoni: KARIBUNI NJE YA RAMANI.

Mtaa huo ulijipa jina wenyewe. Mpima ardhi aliwahi kuwaambia wakazi kwamba Mamlaka haiwezi kuwapelekea maji kwa kuwa hawamo kwenye ramani, wao wakamshukuru, wakaenda kununua rangi. Matika aliwajua kwa baiskeli zao, maana kwa miaka mingi aliziona zikipanda mlima kwenda kata jirani, madumu manne kila moja, saa mbili kwenda na kurudi. Asubuhi ile baiskeli zilikuwa zimeegeshwa ukutani, zimebeba matenga ya nyanya. Na kati ya nyumba na nyumba, kwenye mstari ulionyooka kuliko mistari mingi ya Mamlaka, zilisimama koki kumi na nne. Kila moja ilikuwa shina la mwanzimaji limeota mpaka usawa wa kiuno, mdomoni limezibwa kwa kizibo cha mti.

Kwenye koki ya kwanza mama mmoja wa miaka kama sitini na mitano alikuwa akiosha majani ya kunde. Matika akamwamkia. Yule mama akaitikia marahaba, akakitazama kile kisu cha shaba, akamsogezea kigoda. Jina lake Sechelela, akasema, na alikuwa akimtarajia mgeni huyu tangu masika. Kisha akakinga maji kwenye kikombe cha bati akampa.

Matika hakukipokea. Mkono ulikwenda nusu ukarudi. Kumkatalia mwenyeji maji yake mlangoni kwake ni jambo la aibu, na Matika hakulelewa hivyo, lakini sheria ilikuwa inamzuia, na sheria hiyo aliiandika yeye.

Alieleza huku uso umemwiva. Miaka minane iliyopita, kata nyingine, tawi pori lilichipua bila mtu kujua, likatoboa shimo la choo cha zamani. Watu arobaini walilazwa, na si wote waliorudi nyumbani. Mama yake mzazi alikaa hospitali siku tisa, na siku ya sita Matika aliitwa aje haraka. Mama alipona. Matika akarudi ofisini akaandika: tawi lolote lisilopandwa na Mamlaka likatwe, na mzizi wake utiwe chumvi, siku ile ile lionekanapo. Fundi atakayechelewa anakabidhi kisu kwa mwaka mzima. Hakuna aliyeipinga.

Sechelela alisikiliza mpaka mwisho akiendelea na kunde zake. Akasema alikuwa amefanya kazi ya muhogo maisha yake yote, huko alikotoka na hapa. Siku moja akipita jalalani aliona pingili zimetupwa, zina macho, zina utomvu. Akamwuliza kijana wa mkokoteni kama zimekufa, akajibiwa ndiyo, ni takataka. Akacheka peke yake njia nzima. Basi yeye na wenzake wakazichukua, wakazipanda hatua tatu tatu, juu ya mteremko mbali na vyoo, kama mtu mwenye akili apandavyo bustani, wakatia majivu kila shina. Mvua ya kwanza zikashika. Ya pili zikatafutana. Ya tatu zikalifikia bomba la jiji, na asubuhi moja jirani akapiga kigelegele.

"Kwa hiyo hizi ni zangu," Matika alisema polepole. "Nilizitupa mimi."

"Wewe ulitupa, sisi tukapanda. Kata, mwanangu, kama kazi yako ndiyo hiyo. Sisi tutapanda tena. Ila utuambie mapema vipande utavitupa wapi, tusihangaike kutafuta."

Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayeulizia siku ya mnada. Matika alitaka kucheka na alitaka kulia, akashindwa kuchagua, mwisho akatoa kipimo chake mkobani akapima maji ya koki ya kwanza. Akapima ya saba. Akapima ya mwisho. Mara zote tatu kipimo kilionyesha rangi ya buluu ya maji safi, iliyokolea kuliko alivyowahi kuipata kwenye koki ya ofisini kwake. Akajaza chupa moja, akaaga, na kisu hakikutoka kwenye ala.

*

Kesho yake saa sita mchana Daftari lilitakiwa kufungwa.

Daftari la Itumba ni kitu cha kuheshimiwa. Kila koki ya jiji ina namba humo, kila lita, kila tawi, na lilitengenezwa kwa namna kwamba kilichoandikwa hakifutiki, unaweza tu kuongeza mstari chini yake. Fundi Mkuu ndiye hulifunga. Mkurugenzi haruhusiwi kuliona mpaka asimame mbele ya watu, asije akalipika kabla ya kulipakua. Hapo ndipo atakapolisoma lote, mbivu na mbichi.

Asubuhi nzima Matika alikaa mbele ya Daftari bila kuandika. Angeweza kwenda kulikata lile tawi, dakika arobaini kazi imekwisha, na hesabu ingeshuka chini ya tatu, bango likapata ukweli wake, na watu mia sita wa Nje ya Ramani wakarudi kwenye baiskeli. Angeweza kunyamaza. Wangapi wangejua? Lakini tawi lisilo kwenye Daftari halipimwi, na tawi lisilopimwa ndilo lililomlaza mama yake. Kunyamaza kungekuwa ni kuwahurumia wale watu leo na kuwatelekeza kesho. Na akiandika, basi ameandika kwa mkono wake kwamba Fundi Mkuu ameliona tawi pori na hakulikata, na kisu alichokibeba miaka ishirini na mitatu kinaondoka. Alikipenda kile kisu. Tusidanganyane, alilala nacho chini ya mto mwaka wa kwanza.

Bwana Ndahani alichungulia mlangoni akauliza kwa sauti ya kubembeleza kama ile nusu lita imepatikana. Matika akasema imepatikana. Mkurugenzi akashika dari kwa furaha, maana ni mrefu na ofisi ni fupi, akataka kujua kama imekatwa. Matika akamkumbusha kwamba habari za Daftari ni za kesho, na yule bwana akaondoka anaimba.

Saa nne alikwenda nyumbani kunywa chai, kwa kuwa mawazo hayaji kwa tumbo tupu. Akamsimulia mama yake yote. Mama alikuwa na miaka sabini na tisa na masikio mazima kuliko ya mafundi wengi, akauliza swali moja tu: hayo maji ameyaonja? Matika akasema ameyapima mara tatu. Mama akasema hakuuliza hivyo. Akanyoosha mkono, akaichukua mezani ile chupa ya Nje ya Ramani, na kabla binti yake hajainuka kwenye kiti ilikuwa imefika nusu.

"Sheria yako uliiandika kwa ajili ya tumbo langu," alisema akijifuta mdomo. "Basi kesho liulize tumbo."

Matika alimgombeza mama yake, jambo asilolifanya mara nyingi. Kisha akaichukua chupa akamalizia nusu iliyobaki. Yalikuwa maji matamu. Akarudi ofisini anakwenda kwa mwendo wa mtu aliyeamua, akaketi, akaandika, akafunga Daftari dakika tatu kabla ya saa sita. Asubuhi ya pili mama aliamka mzima akaulizia uji, na uji wenyewe akaulalamikia kwamba hauna sukari.

*

Siku ya Glasi watu wa Itumba hukusanyika kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Desturi ni hii: Mkurugenzi akimaliza kulisoma Daftari, mkazi yeyote anaweza kumletea maji ya koki yake, anataja namba, na Mkurugenzi anakunywa mbele ya wote. Akikataa, anateremka jukwaani na cheo anakiacha juu. Wapo walioacha, zamani, nyakati za asilimia ishirini na tisa. Bwana Ndahani hakuwahi kukataa glasi. Mwaka uliopita alikunywa thelathini na moja, akakimbilia msalani huku umati ukimpigia makofi.

Akasoma. Kata zote kumi na mbili sasa zina maji usiku na mchana, vigelegele. Shule ya mwisho iliyokuwa na pipa imepata koki, vigelegele tena, na walimu wakasimama kucheza. Mgonjwa wa maji machafu mwaka mzima, hakuna hata mmoja. Hapo uwanja ulitulia kidogo kabla ya kupiga makofi, kwa sababu wengi walikumbuka. Kisha akafika kwenye upotevu, akasoma tatu nukta moja, akaangalia bango lililokuwa likipepea nyuma yake, akakohoa. Watu wakacheka sana.

Akafungua ukurasa wa matawi. Alianza kwa sauti ya jukwaani na sauti ikawa inapungua kadiri alivyosoma.

"Tawi pori moja, mtaa wa Nje ya Ramani. Limepandwa na Bi Sechelela na wenzake kwa pingili nilizotupa mimi. Limepimwa mara tatu, maji ni safi kuliko ya ofisini. Halikukatwa. Aliyekataa kulikata ni mimi, Matika Chilewa. Koki kumi na nne, namba themanini elfu na moja hadi themanini elfu na kumi na nne."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Matika alisimama chini ya jukwaa, akawaona watu wa kata ile ya miaka minane iliyopita wakigeuka kumtazama. Huo ndio mtazamo aliouogopa. Akajiambia asimame tu.

Umati ukapasuka katikati, akatokea Sechelela, kikombe cha bati mikononi, hakuna tone lililomwagika njia nzima. Akapanda ngazi, akamsalimu Mkurugenzi, akataja namba yake: themanini elfu na moja.

Bwana Ndahani alikitazama kile kikombe. Akamtazama Matika. Hakuwa mwoga, lakini yeye naye alikuwa amezika shangazi mwaka wa lile shimo, na watu walijua. Matika akapanda jukwaani bila kuitwa.

"Ile sheria ni yangu," alisema, na uwanja ukamsikia. "Niliiandika kwa woga, na woga wangu ulikuwa na haki. Lakini niliandika tukate kabla ya kupima, na hapo nilikosea. Jana nimekunywa maji haya, na mama yangu amekunywa. Nipeni, nitangulie mbele yenu."

Akanyoosha mkono. Sechelela akakivuta kikombe.

"Wewe nilikukaribisha juzi ukakataa," alisema. "Subiri zamu yako."

Kicheko kilianzia mstari wa mbele kikaenda mpaka kwenye zizi la mbuzi. Mkurugenzi naye kikamshika, mabega yakamcheza, akakipokea kikombe kwa mikono miwili akanywa. Alikunywa taratibu, mpaka mwisho, kisha akakigeuza juu ya kichwa chake kama desturi ilivyo, watu waone kwamba kimekauka. Akasimama hivyo, kikombe kichwani kama kofia, na macho yake yakaanza kuzunguka. Waliomjua walijua anapiga hesabu.

"Fundi Mkuu," aliuliza, "maji niliyokunywa sasa hivi yamepotea?"

"Hapana, Mkurugenzi. Yamefika."

"Na wanayokunywa wao kila siku?"

Matika ndipo alipoelewa anakokwenda, na alicheka kwa mara ya kwanza tangu jalalani. Bwana Ndahani akaongeza mstari kwenye Daftari kwa mkono wake: maji ya Nje ya Ramani hayakupotea, ni sisi tuliokuwa hatujui yanakofika. Hesabu ikajipiga yenyewe. Mbili nukta saba. Akaligeukia bango, akalipigia saluti, na hapo uwanja uliwaka. Akina mama wa Nje ya Ramani, waliokuwa wamekaa nyuma kabisa karibu na geti ili wakifukuzwa wasiende mbali, walikuja mbele wakiimba, na wale wa kata ya lile shimo wakawapisha njia, kisha wakawafuata.

Kelele zilipopungua Mkurugenzi alimgeukia Matika, uso umebadilika. Sheria itarekebishwa, akasema, kuanzia leo ni kupima kwanza. Lakini juzi ilikuwa bado sheria. Akanyoosha kiganja. Matika alifungua mkanda, akakitoa kile kisu cha shaba, akakiweka. Kiuno kikawa chepesi ghafla, na machozi yakamtoka mbele ya jiji zima wala hakuyaficha.

Sechelela akauliza kama sheria inakataza na jembe. Bwana Ndahani akapekua, akasema jembe halikutajwa. Basi, akasema Sechelela, mitaa isiyo kwenye ramani bado mitano, na yeye peke yake mgongo unamuuma.

*

Kesho yake asubuhi Matika alifika Nje ya Ramani na jembe jipya begani na mkokoteni wa pingili walizozikata mafundi wake wiki ile. Safari hii aliomba maji kabla hajakaribishwa kukaa, akanywa vikombe viwili. Kisha wakaenda kwenye mtaa wa pili, ng'ambo ya korongo, ambako watu walikuwa wamekwisha kuandaa majivu.

Alipiga shimo la kwanza. Miaka ishirini na mitatu ya mianzimaji, vyeti vitatu, mihadhara katika miji mingine. Akaichagua pingili nzuri, akaiinamisha kidogo kama alivyoonyeshwa, akaifukia, akaisindilia kwa kisigino, akarudi nyuma kuitazama kazi yake.

Sechelela alikuja akainama, akaitazama pande zote. Akaing'oa, akaigeuza, akaichomeka upya.

"Macho yanaangalia juu, mwanangu," alisema. "Ulikuwa umeipanda kichwa chini."